Milango ya Kobe

Familia yetu ina gari tunaloliita Kobe, kwa sababu limebeba nyumba mgongoni na halijui haraka. Ndani lina vitanda, jiko dogo, choo na meza ya kukunja. Pembeni, chini ya sakafu, lina maboksi manne ya mizigo na matangi, na kila boksi lina mlango wake wa bati unaofungukia juu. Babu alilinunua likiwa limechoka, akatuachia likiwa limechoka zaidi, na Bibi analipenda kama mtu anavyompenda mjukuu mtundu: analisema siku nzima, ila wewe usithubutu.

Mwaka huu Bibi alitaka jambo moja tu, kwenda kumwona dada yake. Dada mtu hawezi tena kusafiri, na mgongo wa Bibi haukubali kiti cha basi hata kwa safari ya sokoni. Ndani ya Kobe angelala kitandani njia nzima. Tatizo lilikuwa ile milango ya pembeni. Vitasa vyake vilivunjika kila mara, tukavifunga kwa waya, kamba, hata mkanda wa suruali. Safari iliyopita mlango mmoja ulifunguka mwendoni, godoro la Bibi likaruka na kutua katikati ya barabara. Lori lililokuwa nyuma likatupita likipiga honi mpaka likapotea machoni.

Hakuna aliyeumia, lakini Baba Mdogo aligoma. Yeye ndiye pekee nyumbani mwenye leseni ya gari kubwa, na tunamwita Breki, kwani hata akitembea kwa miguu hupunguza mwendo kwenye kona.

"Sigusi usukani mpaka milango ifunge," alisema. "Leo godoro, kesho mtungi wa gesi. Mnataka nikalale rumande?"

Basi Jumamosi asubuhi tukamwita fundi, mama mmoja mnene mcheshi, bisibisi imekaa nyuma ya sikio lake kama kalamu ya karani. Alivua vitasa vyote vinne, akalainisha kingo za matundu kwa tupa, akafunga vipya na kuvipaka grisi. Kila alipofunga mlango, ulitoa sauti tamu, "tak!", na Bibi, aliyekuwa amekaa kibarazani na begi lake tayari, aliitikia "Ahsante!" kana kwamba mlango ndio uliomsalimia.

Breki akawasha gari kwenda kujaribu. Mwisho wa mtaa wetu kuna tuta kubwa. Kobe akalipanda, akaguna, akashuka. Pa! Pa! Milango miwili ikafunguka na kupunga hewani kama masikio ya tembo.

Breki alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyeshinda kesi asiyoipenda. "Sikusema?"

Bibi aliinama akaanza kufungua kamba za viatu vyake vya safari, taratibu, kimoja halafu cha pili. Shangazi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alitazama pembeni.

"Mama, subiri, usivue," alisema Fundi. "Vitasa ni vipya. Kuna kitu hapa kinanichezea."

Akatoa chaki mfukoni, akaipaka kwenye ulimi wa kitasa, ile sehemu inayoingia kwenye tundu la fremu. Akafunga mlango, akaufungua, akaniita nichungulie. Alama ya chaki ilikuwa pembeni kabisa mwa tundu. Ulimi ulikuwa umeshika ukingo tu, upana wa ukucha. Mlango wa pili, chaki iligusa juu mno. Wa tatu, chini mno. Wa nne ulikuwa umekaa upande, na mpira wake wa kuzuia vumbi umelika kona moja.

"Ndiyo maana vinavunjika," alisema Fundi. "Kila mkiufunga mnaulazimisha. Hii milango inafanana, lakini kila mmoja umekatwa kufuata boksi lake. Nani aliwahi kuivua?"

Baba alimtazama Shangazi. Shangazi alimtazama Breki. Breki alitazama gurudumu.

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kiatu kimoja kiko mkononi.

"Ni hawa!" alisema. "Ni hawa watoto wangu! Baba yao alipopaka Kobe rangi, alivua milango, kila mtoto akapewa wa kwake apake, na mimi wangu. Ulipofika wakati wa kurudisha, kila mmoja anataka mlango wake uwe chini ya kitanda anacholala. Vilio humo! Huyu mkubwa alijilaza chini ya gari akasema hatoki. Baba yao akachoka. Akasema, pachikeni mnapotaka, nile chakula changu kwa amani."

"Sikujilaza," alisema Baba, mtu mzima mwenye mvi.

"Ulijilaza, Kaka," alisema Shangazi. "Na ukanipiga teke."

"Kwa hiyo miaka yote hii," Breki alimwambia Baba polepole, "tumekuwa tukinunua vitasa kwa sababu ya kitanda chako?"

"Vyetu sote!" alidakia Baba. "Na wewe uling'ang'ania mlango huku unanyonya kidole!"

Fundi alikwisha kuanza kuvua bawaba. Tulijaribu mlango mmoja mmoja kwenye kila boksi, chaki ikawa mwamuzi. Baba alishika, mimi nikaingiza skrubu, Bibi akatangaza matokeo. Mlango wa Baba uliangukia mbele, nyuma ya gurudumu, naye akajishaua kama aliyepewa cheo. Wa Bibi ulihama upande wa pili. Wa Breki ulikwenda katikati.

Wa Shangazi ulikaa sawasawa kwenye boksi la mwisho, lenye tangi la maji machafu ya choo.

"Haiwezekani," alisema Shangazi. "Jaribu tena."

Fundi akajaribu tena. Tak! Chaki katikati ya tundu.

"Shangazi, hapo ndipo kwenu," nikamwambia, na Breki akalazimika kukaa chini kwa kicheko. Sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa na meno mengi kuliko nilivyodhani.

"Nacheka na nyie kwa ajili ya Mama tu," alisema Shangazi, akipangusa machozi. "Vinginevyo ningelala chini ya gari mimi leo."

Tulirudi kwenye tuta, sote tukiwa ndani. Breki alilipanda polepole. Halafu akageuza, akalirudia kwa kasi ambayo hatukujua anayo. Vyombo viligongana kabatini, Baba akashika paa. Tukashuka mbio kutazama. Milango minne imetulia, kimya.

Breki alizunguka Kobe akiivuta milango mmoja mmoja. Alitafuta kosa kwa bidii yote ya moyo wake. Mwisho akafuta mikono kwenye suruali.

"Haya, Mama. Tutatoka wiki ijayo, nikishapima upepo wa matairi, nikabadili oili, nikaangalia..."

Tukachungulia ndani. Bibi alikuwa amelala kitandani chali, amejifunika shuka mpaka kidevuni, begi miguuni.

"Mimi nimeshaondoka," alisema. "Nyie kama mnabaki, fungeni mlango kwa nje."

Breki alikunja mikono ya shati. Kisha akaomba pampu ya upepo, na Shangazi akakimbia nyumbani kuchemsha chai ya njiani.