Viza ya Baba Kipusa

Pasipoti yangu mimi haiombi viza kule anakoishi binti yetu. Naingia kama naingia jikoni kwangu. Ya mume wangu, kwa kuwa alizaliwa upande wa pili wa mpaka, lazima ipigiwe magoti. Ndoa moja, kitanda kimoja, pasipoti mbili! Wameshamnyima mara mbili, na mjukuu wetu wa kwanza anaota meno sasa bila babu yake kumshika hata siku moja. Baba Kipusa si mtu wa kulalamika, lakini namwona anavyoitazama picha ya mtoto kwenye simu mpaka kioo kinazima chenyewe. Inaniuma, sifichi.

Safari hii nikasema tunaenda wote ubalozini, wakamnyime mbele yangu nione. Dada wa dirishani alikuwa mpole tu. Akamwambia aweke vidole kwenye mashine, akaweka. Dada akatazama kompyuta, akamtazama yeye, akarudi kwenye kompyuta.

"Mzee, viza ya nini tena? Wewe umeshaingia. Na hujatoka."

Nikaangua kicheko. "Huyu? Mwanangu, huyu akikwambia ameshafika, ujue ndio kwanza anatafuta soksi!"

Hakucheka. Akatugeuzia kompyuta. Picha ilipigwa uwanja wa ndege wa kule: Baba Kipusa mwenyewe, na kovu lake juu ya jicho, amevaa shati la kijani nililomshonea mimi kwa ajili ya safari. Shati hilo nilikuwa nimeliacha nyumbani asubuhi ile ile, juu ya cherehani, halijatiwa vifungo. Kwenye picha lilikuwa na vifungo.

"Mashine yenu mbovu!" nikafoka. "Itafutieni fundi!"

"Mama, vidole ni vyake," alisema kwa sauti ndogo, na nikaona naye anaogopa. "Siwezi kumpa viza mtu ambaye yuko kule tayari."

Mume wangu hakubisha. Na huyu hubishana hata na redio! Alichukua pasipoti yake, akamshukuru dada wa watu, akatoka.

Tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Nikampigia binti yetu, nikaweka spika.

"Mama! Afadhali umepiga," Kipusa alisema. "Hivi mmegombana nini na baba, hata akaja peke yake? Kila nikimuuliza ananyamaza, na mimi naona haya kuingilia mambo yenu."

"Baba yupi?"

"Jamani mama! Kwani nina baba wangapi? Si huyu hapa, anamwogesha mtoto."

Nilisikia maji yakimwagwa, na mtoto akicheka kile kicheko cha kukatika pumzi. Kisha sauti ya mwanamume ikaanza kuimba, wimbo aliokuwa akimbembelezea Kipusa utotoni, na akaruka ubeti wa kati kama anavyouruka miaka yote. Nikageuka kumtazama mume wangu. Midomo yake ilikuwa imefumbwa, machozi yanamtiririka.

Akainamia simu. "Kipusa, mwanangu. Mimi hapa, baba yako."

Kule wimbo ukakatika, yakabaki maji.

"Mama," Kipusa akasema, "huyo mzee ni nani?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia amnyang'anye mtoto, afunge mlango, akimbie. Lakini Baba Kipusa alinishika mkono, akaninong'oneza: "Usimtishe. Humsikii anavyocheka? Mwambie mimi jirani."

"Siwezi."

"Mama Kipusa, nakuomba."

Mtoto akacheka tena.

"Ni jirani, mwanangu," nikasema. "Amenisindikiza tu."