Baridi ya Baba Lynn

Wachuka alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo, akichagua nyanya alizochuma mchana, mumewe aliporudi. Zilizoanza kupata wekundu aliziweka upande mmoja, zilizoiva kabisa upande mwingine, na kila moja aliitoa kikonyo kisije kikaidunga jirani yake njiani. Kihara alipita kando yake, akainama kwa sababu mlango ule ni mfupi, akakaa juu ya kreti tupu kwenye pembe aliyoizoea. Alikuwa amevaa suti waliyomzika nayo, na viatu vyake havikuwa na udongo.

"Stima imekuja?" akauliza.

"Bado," Wachuka akasema.

Kihara akatikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia jibu hilo. Wachuka akamaliza kuchagua nyanya, kisha akaenda kumpikia chai. Kihara hakuigusa. Ilipoa mara tu ilipowekwa karibu naye, ikafanya utando juu.

Stima aliyoiulizia ni umeme wa chumba cha baridi cha kikundi cha wakulima wa nyanya, pale Wamagana. Kihara alikuwa mwenyekiti, na ndiye aliyetoa kipande cha shamba lake ili chumba hicho kijengwe. Kikajengwa, kikapakwa rangi nyeupe, utepe ukakatwa, watu wakala pilau wakashiba. Ilibaki transfoma tu. Mwezi wa Julai, ukungu na manyunyu yakiwa yameifunika Nyeri yote, Kihara alikuwa akienda mjini kuiulizia, na kila mara alikalishwa kwenye benchi la saruji nje ya ofisi moja na kuambiwa asubiri. Baridi ya benchi lile ikamwingia kifuani. Agosti wakamzika. Chumba cheupe kiko palepale hadi leo, kimefungwa kufuli, na ndani mna viti vya plastiki vya mikutano.

Nyanya ikichumwa haifi, na hiyo ndiyo shida yake. Inaendelea kupumua ndani ya kreti, na ikipumua kwenye joto inajichosha, inalegea, inatoa maji, kisha moja ikioza inaziharibu zilizo karibu nayo. Stoo ya mabati haina huruma. Watu wa Wamagana walikuwa wamezoea kuchuma nyanya nzuri mwanzo wa wiki na kuwalisha ng'ombe kabla wiki haijaisha, kisa lori limechelewa.

Lakini asubuhi baada ya Kihara kurudi, nyanya zote za stoo zilikuwa imara kama zilivyotoka shambani. Kesho yake vilevile. Gatimu, mwenyekiti mpya wa kikundi, alikuja kuazima toroli. Akaingia, akamsalimia marehemu, akabonyeza nyanya moja kwa kidole gumba, akaondoka bila toroli. Jioni alirudi na kreti zake. Jirani yao Beth akamfuata na zake, na si muda stoo ikajaa.

Walijifunza jinsi ya kumtumia. Zilizoiva zilipangwa karibu naye, zenye wekundu kidogo katikati, na za kijani huko mlangoni, kwa kuwa nyanya changa haitaki baridi kali. Beth alikuwa ameweka za kijani miguuni pake akidhani ndipo pazuri zaidi. Zikafanya mabaka, zikakataa kuiva, na zile chache zilizokubali zilikuwa na ladha ya maji. Wakamwomba Kihara akunje miguu, naye akaikunja.

Nasteha, mfanyabiashara wa Nanyuki aliyezinunua nyanya zao, alipoingia mara ya kwanza alimtolea Kihara salamu, akakagua kreti moja baada ya nyingine, akasema hajaona nyanya kama hizi tangu aanze biashara. Kila mtu akafurahi. Wachuka naye akafurahi kidogo, ili asionekane ana kinyongo.

Jioni moja watu walipokwisha kwenda, aliketi kando ya mumewe akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama lile benchi. Akausugua kwa viganja vyake, jinsi alivyokuwa akimsugua binti yao Lynn akitoka shule Julai, mpaka vidole vikaanza kupata joto. Mabega ya Kihara yakashuka. Kwa mara ya kwanza tangu arudi hakuulizia stima.

"Wachuka," akasema. "Hapo kwa benchi kulikuwa na baridi mbaya."

"Najua, Baba Lynn."

Wachuka akalia, na hakuuachia ule mkono. Alikuwa amemkosa mtu huyu kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Asubuhi kreti zilikuwa zinachuruza maji, na nzi wamejaa. Beth aliketi kwenye nyasi akajifunika uso. Gatimu alivua kofia kabla ya kusema.

"Mama Lynn, hakuna mtu anakukataza. Ni bwana yako. Lakini ukimshika anapata joto, na sisi tunaumia."

"Sasa mnataka nifanye aje?"

"Usimguse tu. Mpaka stima ikuje."

Kikundi kikakaa, kikaona si vizuri kumnyima kabisa. Akapewa Jumapili, kwa sababu siku hiyo stoo ilikuwa tupu. Jumapili Wachuka alitoka kanisani moja kwa moja, bila kusimama kuongea na mtu, akakaa na mume wake mpaka jua likazama. Kisha msimu ukakolea, lori likaanza kuja Jumatatu alfajiri, na kreti zikawa zinalala stoo tangu Jumamosi. Hakuna aliyemwambia kwamba Jumapili imekwisha. Alijionea mwenyewe.

"Huyu ni mtu, Mama Lynn, si friji," Nasteha alimwambia siku moja wakipakia. "Sisi Waislamu tungemwombea dua aende apumzike."

"Ataenda aje na anangoja stima?"

Nasteha akainua kreti nyingine akaipakia. Wateja wake wa Isiolo walikuwa wamezoea nyanya ngumu.

Habari zikafika ile ofisi ya mjini. Akaja afisa na kipimajoto, akakishikilia karibu na bega la Kihara, akasoma, akapendezwa. Kihara alimtambua. Ndiye aliyekuwa akimwambia asubiri.

"Stima imekuja?" akamuuliza.

"Tunashughulikia, mzee," afisa akasema.

Baada ya muda mfupi transfoma ilipelekwa kwingine, kwa kuwa Wamagana ilionekana haina tena shida ya baridi. Gatimu aliudhika, ila si sana.

Mwisho wa mwezi Lynn alikuja nyumbani kutoka Timau. Huko ameajiriwa na shamba la maua, kwenye chumba cha baridi ambamo waridi hulala na stima haikatiki, na ikikatika jenereta inanguruma papo hapo. Alikuwa amebeba koti lake zito la kazini na glavu. Akaenda moja kwa moja stoo, akamvisha baba yake koti, akamfunga zipu.

"Baba anaganda na nyinyi mnaangalia tu?" akasema.

Kihara akafumba macho, na baridi ya stoo ikaanza kulegea. Wachuka alizitazama kreti za Beth, akamtazama mumewe. Kisha akafungua zipu, akamtoa mkono mmoja, halafu wa pili, taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala.

"Mami!"

"Watu wameweka vitu vyao humu, Lynn."

Lynn akatoka nje akaegemea ukuta wa mabati. Wachuka alibaki na koti mikononi. Alifikiri kidogo, halafu akalivaa yeye, akafunga zipu mpaka kidevuni, akavaa na zile glavu. Akavuta kreti tupu, akaketi kando ya Kihara, akamshika mkono. Joto lake lote likabaki ndani ya koti na glavu. Beth alichungulia, akabonyeza nyanya moja, akarudishia mlango polepole.

"Stima imekuja?" Kihara akauliza.

"Bado, Baba Lynn."

"Basi tungoje."

Wachuka aliubana ule mkono kwa nguvu ili ajue kwamba yupo. Kihara hakugeuka, maana hakuhisi kitu. Asubuhi nyanya zote zilikuwa imara.