Swali la Mbuzi

Asubuhi hiyo, kwenye usaili pale Lodwar, Abei alikuwa amejibu yote: mtiririko wa fedha, hatari za mikopo, hata thamani ya kiwanda cha saruji ambacho hakuwahi kukiona. Kazi ya mchambuzi wa fedha alishaanza kuinusa. Ndipo mwenyekiti wa jopo, Bwana Mutiso kutoka Nairobi, akataka kumrahisishia mambo.

“Tuchukue mfano wa nyumbani. Mzee wako kule Namoruputh ana mbuzi wangapi?”

Kwao Abei, idadi ya mifugo haitajwi. Anayeitaja anawaitia mkosi, na ukame wa mwaka jana ulikuja hata bila kuitwa.

“Wapo,” akasema.

“Wangapi?”

“Wapo tu.”

Mutiso akatikisa kichwa, akaandika kitu. “Mchambuzi wa fedha anayeogopa namba.”

Hapo hasira zikampanda Abei. “Samahani, Bwana. Wewe mshahara wako ni shilingi ngapi?”

Wasaili wawili waliokaa kulia na kushoto kwa Mutiso wakaacha kuandika, wakamgeukia mwenzao kwa hamu. Mutiso akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Akakohoa.

“Unatosha,” akasema.