Skrubu za Saa ya Obare

Kanisani kwao pete ni pambo, na pambo ni majivuno, kwa hiyo siku ya arusi Moraa na Obare walivishana saa. Ya Obare ilikuwa ya bei ya kutisha, matunda ya mwaka mzuri wa machimbo ya Masara. Pingili za mkanda wake wa dhahabu ziliungwa kwa skrubu ndogo, ambazo Moraa alizoea kuzipapasa kwa ukucha mahubiri yakirefuka.

Sabato moja ukucha ule haukukuta kitu. Mkanda ulikuwa laini ubavuni, na saa imefupishwa. Alipouliza, Obare alivuta chini mkono wa shati, akasema fundi wa Migori ameikaza kidogo. Moraa si mtoto. Jumatatu alimwendea fundi huyo, Mniko, naye akaapa hajawahi kuigusa. Saa ya namna ile, alisema, hufunguliwa na Elkana wa Homa Bay tu.

Homa Bay! Na mume kila wiki huaga kwamba anakwenda Masara, upande mwingine kabisa. Lisemwalo lipo, na soko zima lilishasema Obare ana mwanamke nje. Hata mezani Obare siku hizi alidokoa tu, kama mtu aliyekwisha kushiba kwingine. Moraa alishamwona kichwani mwanamke huyo: masikio ametoboa, na pingili zile zimekuwa herini zake. Njia nzima alichemka kwa hasira.

Elkana alikuwa na meza yake mkabala na kliniki. Moraa alijitambulisha kwa ukali, akataka kujua dhahabu ya mumewe iko wapi. Fundi hakubisha. Alifungua kopo akamimina pingili mezani, zote, pamoja na skrubu zake.

"Alisema nimwekee, mama, akinenepa atazirudisha," alisema. "Kila akitoka hapo kliniki anapitia kwangu nitoe moja, ndio nyumbani wasione saa ikicheza kwa mkono. Lakini mwambie skrubu zimeisha. Zenye zimebaki ni za pini, hizo hazitoki. Hapo sina la kufanya."

Moraa aliwatazama watu waliokaa kwenye benchi la kliniki, wakingoja kuitwa. Alikuja amejiandaa kwa mwanamke; matusi alikuwa nayo, hata kofi alikuwa nalo. Sasa alimwomba Mungu, kwa moyo wake wote, mwanamke huyo awepo.