Alama ya Mbili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gitaa la Arlette Hoekstra lilikuwa na wiki ya tatu mezani kwangu na bado halijanitajia jina lake.

Hapa Kalamazoo, gitaa la umeme la zamani likiwatatiza watu huletwa kwangu, Dirk Vandermolen. Nachungulia tumboni kwa kioo cha daktari wa meno, nasoma lebo, napima shingo, nataja mtindo na mwaka. Hili lilinitoa jasho. Mbavu zilikuwa za mwaka hamsini na tisa, na katikati lilikuwa na gogo, kama magitaa membamba ya wakati ule. Lakini shingo ilikuwa ya gitaa nene, lile la uso uliobinuka. Lebo hakuna, namba hakuna. Nilifungua vitabu vyangu vyote, nikavifunga kwa hasira.

Arlette hakutaka kujua bei. Baba yake, Harm, alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha magitaa cha hapa mjini, na Gerrit, kaka yake Arlette, mzee wa kanisa, anashikilia kwamba marehemu aliiba vipande akaunga gitaa nyumbani. Tangu mazishi Gerrit hajakanyaga kaburi lile. Arlette alitaka kujua kama baba yake alikuwa mwizi au la. Kila Jumanne alikuja na mkate wa lozi, akauliza kwa upole ulionizidishia uchungu.

Jumanne ya tatu nilimwambia halina mtindo wowote, na huenda Gerrit anasema kweli.

"Ukisema wewe, mji mzima utaamini," alijibu. "Ndiyo maana nakuomba utazame tena, Dirk."

Nikafunga mapazia, nikawasha taa ya zambarau. Chini yake vanishi ya zamani humeta kijani. Gitaa zima likameta, isipokuwa nyuma ya kichwa, palipokuwa peusi tii. Mtu alipapiga msasa akapaka upya. Nikamtukana fundi huyo, mpumbavu asiyejua anachofuta, maana hapo ndipo kiwanda kilipogonga tarakimu ya 2, yaani daraja la pili, kwenye magitaa yenye kasoro, yaliyoungwa kwa vipande vilivyobaki, ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Alama hiyo ingemsafisha Harm.

Nikafungua vikazio vya nyuzi. Chini yake palikuwa na maandishi ya penseli: D.V., 1974. Kila gitaa nililokarabati nimelitia sahihi hivyo.

Enzi zile wafanyakazi walinijia mmoja mmoja niwafutie ile mbili, waonekane wana gitaa la daraja la kwanza. Sikuwahi kupiga msasa mahali pale kwa sababu nyingine. Na nilijivunia kwamba hakuna atakayegundua.

Nilimweleza Arlette yote.

"Kwa hiyo baba aliona haya kupewa kilichokataliwa," alisema, "akafa anaitwa mwizi."

"Mimi ndiye niliyefuta, Arlette. Nitakuandikia barua."

"Barua Gerrit ataichana. Njoo Jumapili umwambie mwenyewe, mbele ya watu, kwa mdomo huo huo unaotukania mafundi."

Sijaingia kanisani tangu nimzike mke wangu. Nilitafuta kisingizio, nikakikosa. Nikamuuliza ibada inaanza saa ngapi.