Jogoo wa Posho

Simu iliita Elieth akiwa shambani, kijijini kwao Zuzu, mikono imejaa unga wa salfa aliokuwa akiipulizia mizabibu. Akajifuta kwenye khanga, akapokea.

"Wewe ndiye dada yake Stanley?" Sauti ilikuwa ya mwanamke. "Mimi ni Afande Ritha, natoka huku gerezani."

"Amekufa?"

"Jamani, hapana! Mzima kabisa. Kuna mpango umeanza hapa kwetu. Wafungwa wanaofanya kazi na kuhudhuria mafunzo wanapewa posho kidogo. Sehemu inawekwa mpaka mtu atoke, sehemu anaweza kutuma nyumbani. Mdogo wako yuko kwenye useremala, anajitahidi kweli. Ametoa namba yako, ila hela ni ya mama."

"Ya mama."

"Ndivyo alivyosema."

"Yaani afande, mfungwa analipwa?"

"Si mshahara, dada. Ni posho tu, ya kumtia moyo."

"Na sisi tulio nje, tunaofanya kazi bila kulipwa, mpango wa kututia moyo uko ofisi gani?"

Afande Ritha akacheka. "Huo sijausikia, dada yangu. Ukiusikia, na mimi unishtue."

Elieth hakucheka. Alikata simu, akaipulizia salfa mistari miwili ya mizabibu bila kuangalia upepo unaelekea wapi.

Stanley alifungwa kwa kuiba ng'ombe watatu wa jirani yao, Mzee Castory. Wakati huo Elieth alikuwa na banda lake la uji na vitumbua kule mjini, Nkuhungu, na wateja waliomjua kwa jina. Mama yao alipobaki peke yake na miguu iliyovimba, Elieth alifunga banda akarudi kijijini. Tangu hapo ndiye aliyelima, ndiye aliyechota maji, ndiye aliyemkanda mama miguu kila jioni kwa maji ya chumvi. Hakumdai mtu. Alitaka kitu kimoja tu, nacho hakukisema hata kwenye maombi: mama yake amwone. Amwone hivi, amgeukie, amwambie neno. Lakini mama aliinua miguu ikakandwa, akaishusha, akauliza kama kuna habari za Stanley.

Na jambo jingine. Elieth ndiye kifungua mimba wa nyumba ile, lakini kijiji kizima kilimwita mama yake Mama Stanley.

Aliwaza kunyamaza. Hela ilikwishaingia kwenye simu yake, na mama hakuwa na simu. Lakini Elieth alikuwa mtu wa kumcha Mungu, na mcha Mungu akitenda dhambi hulala vibaya. Jioni akamwambia.

Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakatoka bandani. Miguu ileile iliyokuwa haitembei ikamfikisha hadi kwenye ua wa Mzee Castory.

"Castory! Stanley wangu anapokea posho!"

Castory alikuwa anamenya karanga. Akainua macho. "Posho? Kama waheshimiwa wa Bungeni?"

"Posho ni posho!"

"Basi kumbe kuniibia ng'ombe ni njia ya kuingia serikalini. Mimi nimehangaika na barua za maombi ya wanangu bure." Akageuka kwa Elieth. "Na wewe, Elieth, posho yako kiasi gani?"

"Mimi sijaiba kitu, mzee."

"Hapo ndipo ulipokosea."

Castory alicheka peke yake. Mama hakusikia hata utani, alikuwa ameshaanza kuelekea nyumba ya pili.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukuwa na mazungumzo mengine. Elieth aliitoa hela ya Stanley kwenye simu, mama akaifunga kwenye pindo la khanga, haikuguswa. Chumvi ilipokwisha, mama alisema, "Hii si ya chumvi." Sabuni ilipokwisha, haikuwa ya sabuni. Chumvi na sabuni alinunua Elieth, kama siku zote. Mama alikula ugali wa uwele na mlenda wa Elieth huku akisimulia kitanda ambacho Stanley atamchongea akitoka.

"Unajua wanapumzika Jumapili?" mama alisema siku moja. "Na wanafundishwa. Atatoka na cheti."

"Mimi sipumziki Jumapili," Elieth akasema.

"Si unaenda kanisani?"

"Naenda nikiwa nimeshachota maji, mama."

"Ndiyo vizuri. Unakwenda umeoga."

Usiku Elieth alipiga magoti akajaribu kumwombea mdogo wake kama alivyozoea. Alifika kwenye jina akakwama. Bwana, alisema moyoni, wewe unayeona sirini, mbona na wewe umeangalia upande wa gerezani? Akaogopa maneno yake mwenyewe, akasema amina kabla sala haijaisha.

Kisha mama akasema hela ni ya shukrani. Akamtuma Elieth amtafutie jogoo, mwekundu, asiye na doa. Jumapili, Elieth akambeba jogoo yule kwapani mwendo wote wa kanisani, mama akitangulia na fimbo yake. Jogoo akamchafulia gauni. Walipofika, mama akampokea, akampangusa manyoya, akaenda naye mbele mwenyewe.

"Sadaka ya shukrani," mchungaji akatangaza, "kutoka kwa ndugu yetu Stanley aliye kifungoni. Ni jasho lake mwenyewe. Bwana asifiwe!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Kwaya ikaanzisha pambio bila kuambiwa. Elieth alisimama pamoja na wengine, akapiga makofi, na kila kofi lilimuuma kama anajipiga mwenyewe. Jasho lake! Msimu uliopita yeye alileta debe la zabibu za kwanza, mchungaji akasema asante, lipeleke pale pembeni.

Baada ya ibada vitu vilivyotolewa vilipigwa mnada uani, kama kawaida. Mzee wa kanisa, Batholomeo, alikuwa na ulimi wa kuuza hata mawe. Akaliuza boga, akauza mayai, kisha akamwinua jogoo juu.

"Huyu si jogoo wa kawaida! Huyu ni jogoo wa posho! Akiwika tu, ofisi zinafunguliwa! Nani anaanza?"

"Elfu kumi!"

"Kumi na tano," Castory akasema. "Angalau ng'ombe wangu watatu wanirudie na manyoya."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akijifuta machozi, na hapo Elieth akasikia sauti ikisema, "Ishirini!" Ilikuwa sauti yake.

Hela ya salfa ilikuwa kwenye mkoba. Alijua. Alijua pia kwamba mizabibu isipopulizwa wiki ile, ukungu ungeshika vichala.

"Ishirini na mbili," Castory akasema.

"Thelathini."

Batholomeo akamtazama. "Dada Elieth, thelathini?"

"Una shida ya masikio, mzee?"

"Thelathini, mara ya kwanza! Ya pili! Ya tatu! Jogoo amerudi kwao! Basi mrudishe, dada, tumpige mnada tena, Bwana apate mara mbili."

"Harudi huyu," Elieth akasema, akamshika miguu.

Hapo ndipo mama alipopiga vigelegele, safari hii akiwa amemwelekea yeye. Alikuja na fimbo yake, akamkumbatia mbele za watu wote. "Mnaona wanangu wanavyopendana? Mnaona? Hataki sadaka ya mdogo wake iliwe na watu baki!" Wanawake wakamzunguka Elieth, wakamshika mkono, wakamwita dada wa kweli.

Kile alichokitamani muda wote kilikuwa kimemfikia, nacho hakikuwa chake. Alipewa kwa sababu ya Stanley.

Njiani mama alikuwa na furaha nyingi. "Umenipendeza leo, Elieth. Tutamfuga mpaka mdogo wako atoke."

"Hatumfugi, mama."

"Tutamfanyaje?"

"Nimemnunua nimle."

Mama akasimama. Elieth naye akasimama, maana alijua asipolisema pale barabarani hatalisema tena.

"Nimemnunua nimle, mama, mpaka mifupa. Si kwa upendo. Kwa wivu. Stanley ameiba, analipwa, anapigiwa vigelegele kanisani. Mimi nakukanda miguu kila jioni, na hujawahi kuniambia hata asante."

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, si wa kujifanya.

"Asante? Nikwambie asante wewe? Stanley yuko mbali, nikimtaja namleta karibu. Wewe ni mkono wangu, Elieth. Nani anaushukuru mkono wake?"

"Mkono ukiuma, mama, unapakwa mafuta."

Mama akageuka akashika njia. Elieth akamfuata hadi nyumbani, fimbo ikigonga na jogoo akilalamika.

Elieth alimfunga jogoo kwenye mguu wa kigoda, akaenda kuwasha moto, roho yake haina raha. Aliona aibu kwa alilolisema, na aliona hasira kwa kuona aibu. Kisha akasikia mama akiita juu ya ua.

"Castory! Njoo na kisu! Nyumba yangu haina mwanaume wa kuchinja, nawe unajua yuko wapi."

Castory akaja mbio kama mtu aliyekuwa anasubiri nyuma ya ua. Akachinja. Elieth alipotaka kunyonyoa, mama akamnyang'anya sufuria ya maji ya moto. "Kaa," akasema. Akanyonyoa mwenyewe, akapika mwenyewe, akichechemea kati ya jiko na ungo, mara mbili akisahau chumvi ilipo na kukataa kuonyeshwa.

Wakati wa kupakua, Castory alisogeza sahani yake mbele. Hilo halikuwa kosa lake. Firigisi ya kuku ni ya mwanaume wa nyumba, na kama hayupo, ni ya mgeni mwanaume. Tangu alipofungwa Stanley, kila kuku aliyechinjwa pale, firigisi ilikwenda kwa Castory.

Mama aliitafuta kwenye mchuzi kwa kijiko, akaipata. Kijiko kikapita juu ya sahani ya Castory kikaenda hadi kwa Elieth, kikaiweka juu ya ugali wake.

"Mama Stanley!" Castory akasema. "Mbona unaleta mila mpya?"

"Wewe kula bawa."

"Mimi niliyeibiwa ng'ombe?"

"Bawa ndilo hilo. Na shingo nitakuongezea ukinyamaza." Mama hakumtazama Castory. Alimtazama binti yake. "Kula ingali moto."

Elieth akaitia kinywani. Ilikuwa ngumu, jogoo hakuwa kijana, akaitafuna taratibu bila haraka ya kumeza, mama akimwangalia mpaka mwisho. Kisha akainamisha kichwa amshukuru Mungu. Akajichunguza akakuta bado anamwonea mdogo wake wivu. Akashukuru hivyo hivyo.