Bakuli la Pantelie

Jumamosi ya marehemu, siku ya kuwakumbuka wafu, ilimkuta Leontina hana nguvu hata ya kufunga kitambaa cha kichwa. Amechoka tangu msiba, na msiba wenyewe ulikuwa umeingia mwaka wa pili. Kwenye vijiji vya wafinyanzi kule Oltenia, kufiwa ni ajira. Unapika, unagawa, unapumzika kidogo, unapika tena. Na chakula cha marehemu hakitolewi hivi hivi: kinatolewa na chombo chake, mshumaa ukiwaka pembeni, na chombo hicho hakirudi. Unachompa jirani ndicho marehemu wako anachokipata huko aliko.

Sasa, marehemu wake alikuwa mfinyanzi. Pantelie alifinyanga, Leontina akachora kwa pembe ya ng'ombe iliyojazwa rangi, na ndivyo walivyoishi tangu walipooana. Alipougua, vyombo vyote viliuzwa mpaka rafu zikabaki mbao tupu. Kwa hiyo kila ilipofika siku ya kumkumbuka, mjane aligawa mabakuli ya kiwandani, yale ya sokoni yenye mawaridi ya kubandikwa.

"Hivi wewe, shoga, umefikiria?" Zamfira alimwambia juzi juzi, akiegemea uzio. Huyu ni jirani na mjane mwenzake, ulimi wake hauna breki. "Mzee alivyokuwa akiyatukana haya mabakuli! Leo ndimo anamokula. Lazima amenuna huko, malaika wenyewe wamemkoma."

Leontina alicheka, kisha akaingia ndani akakaa kitandani, kicheko kimemtoka chote.

Maana bakuli moja la Pantelie lilikuwepo. Ndilo la mwisho, alilifinyanga mikono ikiwa imeanza kutetemeka. Ukingo wake umelala upande mmoja, na ubavuni gumba lake limeacha kishimo. Leontina alimchora jogoo ndani, kama kawaida yao, lakini kwa ule mpindo jogoo akatoka kama mlevi. Pantelie alimcheka yule jogoo mpaka kikohozi kikamshika.

"Hili nani atalinunua?" alisema. "Kula humu wewe, mama."

Tangu siku hiyo Leontina hakula kwenye chombo kingine. Alijua kuligeuza upande mrefu uelekee kifuani, la sivyo supu inamwagika. Alijua pa kuweka gumba lake. Watu walimwona bibi anakula supu ya maharage. Yeye alikuwa ameshika mkono wa mumewe. Akilitoa, atabaki na nini? Asipolitoa, mzee wa watu ataendelea kula kwenye mawaridi. Aliwaza hivyo wiki nzima, na kuwaza kulimchosha kuliko kuchimba udongo.

Jumamosi akapika wali wa maziwa, akaupakua kwenye bakuli la sokoni, akapanga cheri juu, akawasha mshumaa, akaenda kwenye uzio.

"Pokea, jirani. Kwa roho ya Pantelie."

"Mungu amrehemu," alisema Zamfira, akanyoosha mikono. Akavuta. Bakuli haliji. "We Leontina, unanipa au tunashindana?"

"Ngoja," alisema Leontina. "Ngoja hapo hapo."

Alirudi jikoni akahamishia wali kwenye lile lililolala upande, haraka, kabla moyo haujabadilika. Alipolitoa mkononi hakumtazama Zamfira usoni. Zamfira alirudia tu, "Mungu amrehemu," akaondoka nalo polepole.

Jioni ile Leontina hakula. Alikuwa amefanya lililo sawa, na lilimuuma vibaya. Alimkasirikia hata Pantelie. Mtu amekufa, amepumzika, na bado anadai vyombo.

Kesho yake mchana alisikia yowe ng'ambo ya uzio.

"Leontina! Njoo uone alichonifanya mumeo!"

Alimkuta Zamfira jikoni, gauni limelowa supu kuanzia kifuani mpaka magotini, bakuli liko mbele yake mezani.

"Ameniunguza! Miaka yote nampa salamu zangu njema, leo ananimwagia maharage!"

"Umelishika vibaya," alisema Leontina. "Geuza. Upande mrefu uje kwako."

"Ungeniambia jana."

"Jana sikuweza kusema kitu."

Zamfira alijipangusa. Kisha akachota supu nyingine, akaligeuza bakuli kama alivyoelekezwa, akalisukuma mpaka upande wa pili wa meza.

"Kukurudishia siwezi, unajua mwenyewe. Nitakuwa nimempokonya mzee chakula mdomoni." Akatupa kijiko mezani. "Lakini wa kukukataza kula kwangu, nani? Kaa."

Leontina alikaa. Gumba lake lilikwenda lenyewe kwenye kile kishimo. Supu ilikuwa na chumvi nyingi, Zamfira hajawahi kujua kupika, na Leontina aliinywa yote, taratibu, machozi yakimdondoka humo humo, mpaka jogoo mlevi akatokea chini.

"Kesho unapika nini?" aliuliza.

"Maharage haya haya."

"Chumvi nitatia mimi," alisema Leontina.